Mizani ikikaa juani kioo kinakuwa cheusi, ikipoa namba zinarudi: nani anakikumbusha?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi napima mizigo kwenye soko la nafaka Kibaigwa, na mizani yetu ni ya kidijitali. Mwezi huu wa kumi, ikikaa juani kuanzia saa sita, kioo chake kinakuwa cheusi tii, namba hazisomeki. Tukiihamishia kivulini, baada ya muda inarudi kama kawaida. Fundi aliniambia mle ndani mna kimiminika na joto linakivuruga. Nakubali. Ila najiuliza: kikishavurugika, nani anakikumbusha kurudi kwenye mpangilio wake? Maji yakivurugwa hayana mpangilio wa kurudia. Pia nikikibonyeza kioo kwa kidole rangi zinatawanyika halafu zinapotea, kwa nini? Na uzito tunaopima wakati kimeanza kuwa cheusi ni sahihi? Wakulima wananiuliza na sina jibu.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Fundi wako amesema kweli, na wewe umeuliza kile ambacho yeye hakukigusa. Nianze na jibu lenyewe kisha tuingie ndani yake: kinachokumbuka si kimiminika, ni ukuta. Kimiminika hicho kimebanwa katikati ya vipande viwili vya kioo, na nyuso za ndani za vioo hivyo ziliandaliwa kiwandani zikapewa mwelekeo. Jua la Kibaigwa linaweza kukivuruga kimiminika chote, lakini nyuso hizo haliziwezi. Joto likishuka, molekuli zinazogusa ukuta zinaufuata, na zilizo katikati zinafuata za pembeni.

Kimiminika chenyewe kinaitwa fuwele kimiminika. Molekuli zake ni ndefu na nyembamba, urefu wa takriban nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na zinapita na kupishana kama za kimiminika chochote. Tofauti ni kwamba, zikiwa zinapishana hivyo, zote zinaelekeza urefu wake upande mmoja. Umewahi kupita Singida mashamba ya alizeti yakiwa yamekomaa: mashina yameota popote mbegu zilipoangukia, hayana mstari, lakini nyuso zote zimetazama mashariki. Ndivyo zilivyo molekuli hizi, isipokuwa kwamba mwelekeo wao hauna mbele wala nyuma. Hali hii inaitwa nematiki. Zipo hali nyingine, na Georges Friedel wa Ufaransa alizipanga kwa makundi mwaka 1922, lakini mizani yako inatumia nematiki, basi tubaki hapo.

Aliyekutana na vitu hivi kwanza hakuwa mwanafizikia. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, aliona kwamba benzoati ya kolesteroli inayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi joto 145.5 ilikuwa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi joto 178.5 ukungu ukatoweka ghafla kikawa angavu. Alimwandikia Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani aliyekuwa na hadubini yenye jiko dogo la kupashia sampuli, na Lehmann ndiye aliyetambua kwamba ule ukungu ni kimiminika chenye tabia ya fuwele. Ile nyuzi ya pili, ambapo ukungu unatoweka, ndiyo inayokusumbua wewe sokoni. Tuiite nyuzi ya kung'aa.

Tazama sasa jinsi kioo cha mizani kinavyofanya kazi. Nje ya vioo viwili kuna karatasi mbili za plastiki, moja juu na moja chini, ziitwazo polaraiza. Kila moja inapitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, na zimebandikwa zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90. Kama katikati pasingekuwa na kitu, mwanga uliopita kwenye ya kwanza ungezuiwa wote na ya pili, na kioo kingekuwa cheusi. Lakini katikati pana tabaka la nematiki lenye unene wa mikromita 5 hadi 10 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), jembamba mara nyingi kuliko unywele. Ukuta wa juu umeandaliwa kulaza molekuli upande mmoja, ukuta wa chini upande uliopishana nao kwa nyuzi 90. Molekuli za katikati hazina la kufanya ila kujisokota taratibu kutoka juu hadi chini. Mwanga unaufuata msokoto huo, unageuka nyuzi 90, na unapita. Ndiyo maana kioo kinaonekana cheupe kijivu. Mahali pa namba, umeme unaziinua molekuli zisimame, msokoto unavunjika, mwanga unazuiwa, na pale panakuwa peusi. Mpango huu ulibuniwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich huko Basel, Uswisi, mwishoni mwa mwaka 1970, na vioo vingi vya mizani, kikokotoo na saa bado vinautumia.

Joto linapovuka nyuzi ya kung'aa, molekuli zinaacha kuelekea upande mmoja. Zinakuwa kama maji ya kawaida, hazigeuzi mwanga tena, na zile polaraiza mbili zinabaki zenyewe kwa zenyewe. Kioo kizima kinakuwa cheusi. Hakuna kilichoungua wala kuvuja. Ni msokoto tu umepotea.

Nyuzi ya kung'aa inategemea kilichomo. George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza mwaka 1973 molekuli iliyofungua njia ya vioo hivi, inayojulikana kama 5CB. Ni imara na haina rangi, lakini yenyewe peke yake ni nematiki kati ya nyuzi joto 23 hivi na 35. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Dodoma ingeganda, na mchana wa mwezi wa kumi juani ingekuwa nyeusi. Kwa hiyo huchanganywa na ndugu zake, na mchanganyiko mmoja maarufu, E7, unafika karibu nyuzi joto 60 kabla ya kung'aa. Vioo vingine vinavuka 80. Hewa ya Kibaigwa haifiki huko, lakini kioo kilicho ndani ya boksi la plastiki nyeusi, jua likiwa karibu na utosini kama lilivyo mwezi huu wa kumi kwetu, kinapata joto kubwa kuliko hewa inayokizunguka. Kikishavuka tu mpaka wake, umeona mwenyewe.

Turudi kwenye ukuta, maana hapo ndipo penye fizikia ninayoipenda kuliko yote katika somo hili.

Ukuta hauwi na mwelekeo wenyewe. Kiwandani, juu ya kioo hupakwa kwanza elektrodi angavu, yaani tabaka linalopitisha umeme na mwanga pia, kisha plastiki iitwayo poliimidi, tabaka la unene usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya mikromita. Linaokwa kwenye joto la takriban nyuzi 200. Halafu linasuguliwa kwa rola iliyovishwa kitambaa cha mahameli, upande mmoja, mara chache. Basi. Huo msuguo ndio unaoandika amri ambayo kimiminika kitaisoma miaka yote. Si jambo la viwanda vya juzi: Charles Mauguin alikwishaona mwaka 1911 kwamba nematiki iliyobanwa kati ya nyuso mbili inashika mielekeo yao na kujisokota katikati, na Pierre Chatelain alichunguza kioo kilichosuguliwa miaka ya 1940.

Kwa nini msuguo uwe na nguvu hiyo? Mwaka 1972 Dwight Berreman wa maabara za Bell nchini Marekani alitoa jibu zuri. Msuguo unaacha mifereji midogo. Molekuli zikilala kufuata mfereji hazipindiki, zikilala kuukatiza inabidi zipande na kushuka, na kupinda kunagharimu nishati, kwa sababu nematiki ina unyumbufu. Hesabu yake inaonyesha gharama hiyo inapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali kati ya mifereji: ukiupanua umbali mara mbili bila kubadili kina, nguvu inashuka mara nane. Kwa hiyo mifereji ikiwa mipana sana haina kazi. Baadaye, hasa kuanzia majaribio ya mwaka 1987 kwenye plastiki mbalimbali, ikadhihirika kwamba mifereji siyo habari yote. Msuguo unanyoosha minyororo ya plastiki yenyewe kwenye ngozi ya juu kabisa, na molekuli za nematiki zinajilaza sambamba na minyororo hiyo. Kwa maoni yangu, kwenye poliimidi jibu la minyororo ndilo lenye uzito zaidi, na mifereji inasaidia tu. Kwenye nyuso nyingine Berreman bado ana haki yake.

Utii wa molekuli kwa ukuta unapimwa kwa kitu kinachoitwa nguvu ya nanga. Ni nishati inayohitajika, kwa kila mita ya mraba, kuzigeuza molekuli zinazogusa ukuta zitoke kwenye mwelekeo ziliopewa. Rapini na Papoular wa Ufaransa waliiandika mwaka 1969 kwa fomula fupi ambayo bado tunaanza nayo darasani: gharama ni sifuri molekuli zikitii, na inafika kilele zikipotoka nyuzi 90. Nanga imara ina takriban jouli 0.0001 kwa mita ya mraba au zaidi, nanga dhaifu jouli 0.000001. Unaweza kudhani zote ni ndogo mno kiasi kwamba hazina maana. Lakini ukichukua unyumbufu wa nematiki, ambao ni kama pikonyutoni 10 (pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni), ukaugawa kwa nguvu ya nanga, unapata urefu, na urefu huo unakuambia kila kitu. Kwa nanga imara ni sehemu moja ya kumi ya mikromita, kitu kidogo mbele ya tabaka la mikromita 5 au 10, kwa hiyo amri ya ukuta inafika katikati. Kwa nanga dhaifu ni mikromita 10: urefu unalingana na tabaka zima au kulizidi, na ukuta hausikiki. Mizani yako imejengwa kwa nanga imara.

Sasa unaona kwa nini kumbukumbu haipotei. Poliimidi iliokwa kwenye nyuzi 200. Nyuzi 70 au 80 za juani hazihamishi mnyororo hata mmoja. Zaidi ya hapo, hata kimiminika chote kikiwa kimeshang'aa, ukuta bado unazishika molekuli zilizo karibu nao. Kuna ngozi ya nanomita chache, karibu na nyuzi ya kung'aa hufika kumi hivi, ambamo mpangilio unaendelea kuwepo ingawa katikati umekwisha. Jambo hili lilipimwa kwa mwanga miaka ya 1970 na limethibitishwa mara nyingi. Mizani inapopoa, mpangilio hauanzi kutoka sifuri.

Jambo moja ukuta hauwezi kuliamua peke yake. Kusokota nyuzi 90 kwenda kulia na kwenda kushoto ni gharama ileile, kwa hiyo kioo kinapopoa vipande vingine vingeweza kuzunguka huku na vingine kule, na kioo kikajaa mabaka. Kuzuia hilo, watengenezaji wanatia kiasi kidogo sana cha molekuli zenye mkono, yaani zenye umbo lisilolingana na taswira yake kwenye kioo cha kujitazamia. Baadhi yao ni jamaa za ile kolesteroli ya Reinitzer. Hizo zinaielekeza nematiki yote izunguke upande mmoja.

Kuna mpaka mwingine ambao unaweza kuuona kwa macho yako, wala huhitaji maabara. Chukua kikokotoo cha zamani, ukipashe kwa drai ya nywele polepole, kwa mbali, mpaka weusi uanze upande mmoja. Ukingo kati ya peusi na peupe ni mpaka kati ya kimiminika cha kawaida na nematiki ya vitu vilevile. Utaona unasogea ukipasha, unarudi nyuma ukiacha. Kwenye mpaka huo molekuli hazilali wala hazisimami wima. Kwa 5CB zinaegemea kwa pembe ya takriban nyuzi 63 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya mpaka huo. Mvutano wa uso hapo ni takriban nyutoni 0.000015 kwa mita, wakati wa maji na hewa ni 0.072, karibu mara 5,000 zaidi. Ni mpaka dhaifu mno. Usipashe mpaka plastiki ilegee, na usitumie mizani ya kazi kwa jaribio hili.

Kidole chako sasa. Ukibonyeza, unapunguza unene wa tabaka na kukisukuma kimiminika pembeni. Kila rangi ya mwanga inageuzwa kwa kiasi chake kulingana na unene na mkao wa molekuli, kwa hiyo rangi zinatengana na kuonekana. Ukiondoa kidole, kuta zinazirudisha molekuli. Muda wa kurudi unategemea unata wa kimiminika na kipeo cha pili cha unene: kwa tabaka la mikromita 5 ni kama sehemu ya arobaini ya sekunde. Unachokiona kikichelewa zaidi ya hapo ni kimiminika kinachotiririka kurudi mahali pake na vioo vinavyojinyoosha. Usiwaachie watoto wabonyeze kwa kucha, maana kioo ni chembamba.

Kikipasuka, utasikia watu wakisema wino umevuja. Hakuna wino mle. Pale kimiminika kilipotoka au hewa ilipoingia, mwanga haugeuzwi tena, polaraiza zinauzuia, na panakuwa peusi. Hilo haliponi kivulini, kwa sababu kilichoharibika safari hii ni kioo chenyewe. Vivyo hivyo jua la miaka linazichosha polaraiza na kuuchosha ukuta, zikafifia, na hapo hakuna wa kukumbuka. Kwa hiyo kivuli si cha starehe.

Tuje kwenye uzito, maana hilo linagusa mfuko wa mtu.

Kioo kuwa cheusi hakubadilishi uzito. Mzigo unapimwa na kipande cha chuma au alumini kilicho chini ya sahani, ambacho kinapinda kidogo sana, na nyaya nyembamba zilizobandikwa juu yake zinabadili ukinzani wake wa umeme. Hesabu inafanyika kwenye saketi, kioo kinapokea tu. Lakini kuna mambo mawili ya kuogopa.

La kwanza ni kipindi cha kabla ya weusi. Vsevolod Fréedericksz, mwanafizikia wa Urusi, alionyesha na wenzake miaka ya 1920 na 1930 kwamba molekuli haziinuki mpaka nguvu inayozisukuma ivuke kizingiti. Kwa umeme kizingiti hicho, kwa 5CB, ni karibu volti 0.8, na hakitegemei unene wa tabaka. Joto linapokaribia nyuzi ya kung'aa, unyumbufu unalegea na kizingiti kinashuka. Vipande vya namba ambavyo vilipaswa kubaki vyeupe vinapokea mabaki ya volti ambayo sasa yanatosha kuviinua nusu. Vinaanza kuonekana kama vivuli. Namba ya mizani imeundwa kwa vipande saba, na 3 yenye vivuli viwili vya kushoto inasomeka 8. Mkulima wa kilo 83 anaandikiwa 88, mnunuzi anapunjwa, na hakuna aliyekusudia. Ukiona vivuli tu, acha kupima.

La pili ni kile kipande kinachopinda. Nacho kinabadilika kwa joto, na ingawa watengenezaji hufidia mabadiliko hayo, mizani nyingi za biashara zinahakikiwa kwa matumizi kati ya nyuzi joto -10 na 40. Kioo kikishakuwa cheusi, boksi la mizani limeshapata joto kubwa kuliko 40. Huo weusi ni ishara kwamba uko nje ya mipaka ambayo mizani ilihakikiwa, hata kama namba zingesomeka vizuri.

Kwa hiyo jenga kivuli cha turubai juu ya mizani, kiwe kipana vya kutosha kufunika boksi mpaka saa tisa alasiri, na acha upande wa upepo wazi. Mizani ikipata moto, iache ipoe mpaka boksi lenyewe, siyo kioo peke yake, lisichome mkono. Ikiwa tupu, bonyeza kitufe cha sifuri. Weka jiwe la mizani lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, la kilo 20 kama mnalo, mbele ya wakulima walioko kwenye foleni. Ikisoma 20, endelea. Isiposoma 20, usimpimie mtu mpaka mhakiki wa Wakala aitazame. Na magunia uliyoyapima vivuli vikiwa vimeshaanza kuonekana, yarudishe juu ya sahani uyapime upya.